Mashine ya Kisu

Kisu kilishuka mara moja, na mgongo wa kitabu ukadondoka sakafuni kama ganda.

"Umeona, Shangazi?" muuzaji alisema. Alizilaza kurasa zilizoachana kwenye mdomo wa mashine. Ikazimeza na kuzitema upande wa pili, picha zikijipanga kwenye kompyuta. "Hapa hata chai haijapoa."

Maktaba nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kile kilikuwa kitabu kibovu tu, cha majaribio. Lakini nyuma ya Shangazi, rafuni, vilingoja vile vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, alivyovitia gundi na uzi tangu ujana wake.

Chumba hakikuwa na dirisha. Mkurugenzi alikuwa amefunga mlango na kusema hakuna kutoka mpaka mashine ichaguliwe. Karibu na mlango alikaa mfadhili, mgeni mkimya aliyefika asubuhi ile, ambaye ndiye angelipia mradi wote wa kuvipiga picha vitabu vile vya kale.

"Na ile nyingine?" Shangazi aliuliza.

Muuzaji aliivuta bila hamu. Ilikuwa na kitako cha kulazia kitabu kikiwa nusu wazi, na kamera juu yake. Mtu hufunua ukurasa kwa mkono, kamera ikapiga picha, akafunua mwingine.

"Huyu ni kobe," muuzaji alicheka. "Watakaomaliza ni wajukuu zako."

"Tuchukue ya kisu," Mkurugenzi alidakia. Jasho lilimtoka kipajini. "Kurasa hazipotei, Shangazi. Utazishona upya. Si wewe fundi wetu?"

"Mimi hushona kilichochakaa. Kukata kizima ili nipate cha kushona, hapana."

"Nakuomba. Mara hii tu, nikubalie."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuomba, tena mbele ya wageni. Shangazi alimtazama vizuri, akaona mtu aliyebanwa kwenye kona. Wala hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyembana. Mwenye fedha siku zote ana haraka.

Basi akamgeukia mwenye fedha.

"Samahani, mheshimiwa. Ukituvumilia, nitafunua kila ukurasa kwa mkono wangu. Hata siku za mapumziko nitakuja. Hakuna kitabu kitakachopata hata mkwaruzo."

"Shangazi, inatosha!" Mkurugenzi alisema.

"Mwache aseme." Mfadhili alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Nani kawaambia nina haraka? Tunachukua kobe."

Muuzaji akatikisa kichwa, akatoka kwenda kutafuta karatasi za kutia saini. Shangazi alimsogelea Mkurugenzi. Mfadhili alikuwa ameshafika rafuni, akipapasa migongo ya vitabu kimoja baada ya kingine, polepole, akitabasamu peke yake.

"Sasa usininunie, bosi wangu," Shangazi alimnong'oneza Mkurugenzi. "Tumeviokoa."

Mkurugenzi alikuwa ameketi, uso ameufunika kwa viganja.

"Wakubwa wangu walishatia saini mkataba na mfadhili kabla sijajua," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi tunabaki na picha. Kila kitabu kitakachotoka kizima kwenye mashine ni chake, anaondoka nacho. Vilivyokatwa tu ndivyo alivyovikataa."