Bado na Tayari

Bomba la chuma lililotokeza kwenye kifusi lilikuwa likibishana lenyewe kwa lenyewe.

"Masihi ameshakuja," lilisema.

"Akija, vita vitakwisha," lilijibu. "Vimekwisha?"

Wawili hawapatani wala hawaachani, ni nani? Mtaa mzima ulijua jibu la kitendawili hicho: Tayari na Bado, mafundi cherehani. Tayari, mzee wa kanisa, alisema Masihi ameshakuja. Bado, Myahudi aliyefiwa na mkewe, alisema bado. Walishona katika chumba kimoja miaka yote, na adhuhuri hiyo jengo lilikuwa limewaangukia.

Mke wa Tayari alikaa juu ya matofali, mikono kichwani. Wazimamoto walikwisha kumtoa kwenye ufa alipotaka kupenya.

"Ukigusa tena hapo, zege litashuka na wewe," mkuu wao akamwambia. "Tulia, mama. Wanaongea. Anayeongea yu hai."

"Nisipomsikia, naingia. Nifungeni kamba mkitaka."

Akainamia bomba. "Baba watoto! Uko hai?"

Ikaja sauti nyembamba. Mle bombani kila sauti ilikuwa ya bati.

"Nipo, mke wangu. Usiingie humu, nakuomba."

Mke wangu. Tangu wapate mtoto wa kwanza hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa "wewe" au "mama nanihii". Kumbe ukuta ukimwangukia mtu, ulimi hulainika. Machozi yakamtoka.

Ubishi ukaendelea.

"Masihi gani huyo wa kuja mara mbili? Fundi akirudia nguo, ujue aliiharibu."

"Mara ya kwanza unapima, mara ya pili unakabidhi. We fundi gani hujui hilo?"

"Leo Tayari kampata," akasema muuza vifungo, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Mungu ni mmoja. Mmoja hawi watatu, hata umpime kwa tepu gani."

"Koti lina kifua na mikono miwili. Umewahi kuliita makoti matatu?"

Mama akatega sikio. Walibishana vizuri kuliko siku zote. Nyumbani kwake walikuwa wakikatizana, huyu akirukia neno la yule kama jogoo. Leo kila mmoja alimngoja mwenzake amalize. Akasema moyoni, hofu imewafunza adabu.

Mara zege likaguna, vumbi likafoka. Bomba likanyamaza.

Akaita. Akaita tena. Kisha akajitupa kwenye ufa, kichwa na mabega yakazama ndani, watu wakamng'ang'ania miguu.

"Baba watoto! Omba! Omba kwa jina la Yesu nikusikie, la sivyo nakufuata!"

Hakukuwa na jibu. Hapo ndipo nguvu zilipomwisha moyoni, kwa maana mumewe alikuwa na jina hilo mdomoni kabla hata ya chai ya asubuhi. Aliyekuwa akilikwepa ni Bado. Sala ikifika hapo mezani kwao, alifumba mdomo, na amina haikumtoka. "Bora nikatwe ulimi, shemeji," aliwahi kumwambia, "nitaomba chakula kwa ishara."

Akajisukuma mbele. Kokoto zikaanza kumwagika mgongoni mwake.

"Baba..." sauti ikaanza, ikakwama kama mtu aliyekabwa na mfupa. "Baba uliye mbinguni. Mwonee huruma mke wangu. Mrudishe nyuma, asiingie humu. Naomba hayo..."

Hata mkuu wa zimamoto aliacha kuvuta pumzi.

"Naomba hayo kwa jina la Yesu. Amina."

Mama akauachia ufa. Wakamvuta nje, akakaa chini akilia taratibu, akimshukuru Mungu, huku wanaume wakichimba na jua likielekea kushuka.

Zege la mwisho lilipoinuliwa, walimtoa mtu mweupe kwa vumbi, asiyeweza kusimama. Mama akawapita wote mbio, akapiga magoti, akampakata. Akampangusa uso kwa kiganja, polepole, mpaka chini ya vumbi ukatokeza uso wa Bado.

Nyuma yake mkuu wa zimamoto alikuwa akivua kofia. Mwili wa yule mwingine ulikuwa umeshapoa tangu adhuhuri.