Saa ya Shaame

Tangu alfajiri Zuwena alikuwa akizunguka ua: jikoni hadi kisimani, kisimani hadi jikoni. Ilikuwa siku ya thelathini ya eda, na mlango wa nje hakuuvuka. Mkononi alivaa saa ya marehemu mumewe, ile aliyokuwa akienda nayo mazoezini kiwanjani.

"Wifi, kaa basi, unanitia kizunguzungu," alisema Tatu, dada wa marehemu, aliyekuwa mkekani akichambua mchele kwenye ungo. "Na hiyo saa si pambo? Uko edani."

"Si pambo. Inahesabu kalori."

Tatu akaushika ule mkono, akaibonyeza saa, akacheka. "Mia tano na kumi! Inakudanganya, wifi. Humu bado mmeandikwa uzito wa kaka Shaame, kilo tisini na nane. Wewe hata hamsini hufiki. Ngoja nimtoe, nikuweke wewe, ikupe hesabu yako."

Kidole kilikuwa tayari kwenye kioo. Zuwena akauvuta mkono kwa nguvu, akaupiga ungo, mchele ukamwagika.

"Usimtoe," alisema.

Tatu akakirudisha kidole chake. Hakuna aliyeinama kuuokota mchele. Zuwena akageuka, akaushika tena mzunguko wake, safari hii taratibu, kwa hatua nzito, kama mtu anayerudi kutoka kiwanjani amechoka.

Alipokaribia tena, Tatu aliinuka, akauvuta mkeka mpaka ukutani, akasimama kando, kama anayempisha mtu mnene.