Fundi Asiyekula

Enzi za viumbe kujengeana nyumba, Kanga alitaka kibanda cha kuatamia mayai kabla ya masika. Mnana, msukaji wa viota, akamwambia, "Nipe vikapu viwili vya mtama. Mvua ya kwanza ikinyesha nitarudi kukagua paa."

"Urudi kufanya nini? Nataka kibanda, sitaki mgeni," alisema Kanga, akamwita Mchwa.

Mchwa akasema, "Mtama sitaki, mama. Nishibe tu nikiwa kazini, kama mafundi wote."

Kila mchana Kanga alimpelekea uji, na kila jioni aliukuta vilevile, akaunywa mwenyewe. "Nimepata fundi!" aliwatambia majirani. "Halipwi, na wala hali!"

Kibanda kikakamilika, kuta laini kama yai. Mvua ya kwanza ilipopiga, nguzo za mti zilivunjika kama mabua na paa likaanguka. Kanga akabaki analowa, amefunika mayai yake kwa mabawa.

Mnana akapita, akienda kukagua mapaa ya wengine.

"Fundi gani yule!" Kanga alilia. "Na uji wangu hakuugusa hata siku moja!"

Mnana akatua, akazitazama zile nguzo, zimebaki maganda matupu. "Na wewe, mama, siku zote hizo hukujiuliza alikuwa anakula nini?"