Dakika Tisini Ndani ya Stoo

Nikodemo aliupiga mlango wa stoo kwa bega mara ya tatu, na mlango haukutikisika. Alijua hautatikisika. Aliutengeneza mwenyewe kwa mbao nene za mkaratusi, mwaka ule wezi wa mahindi walipoisumbua Busawe nzima.

"Neema! Fungua!"

"Tulia, tata," binti yake alijibu kutoka nje. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, ufunguo shingoni, simu mkononi. "Ndiyo kwanza dakika ya kumi."

Mita mia tatu kutoka pale, kwenye uwanja wa shule, Busawe Rangers walikuwa wanacheza mechi ya mwisho ya Ligi ya Mkoa. Walipaswa kushinda. Sare au kufungwa, wanashuka daraja. Na Nikodemo, shabiki wao wa miaka ishirini na sita, alikuwa katikati ya magunia ya mahindi, kidirisha pekee kikitazama zizi la ng'ombe.

Filimbi ililia. Watu wakapiga kelele, hakujua ni watu wa upande gani. Hilo lilimtesa kuliko joto.

Aliketi juu ya gunia, akajilazimisha kuwaza. Timu hii ilianza kuharibika siku Heche alipovua glovu akaenda Matongo kutafuta dhahabu. Kipa gani anaacha goli akashike sululu? Akafuata Lukmani, mtoto wa fundi cherehani wa Mugumu, aliyekuwa na mguu wa kushoto wa kuwalaza mabeki chini. Baba yake akamrudisha dukani. Vijana waliobaki wana mapafu, haya, lakini wakifika mbele ya goli wanapaisha mpira mpaka unakwenda kutafutwa kwenye mtama wa watu.

Msimu huu Nikodemo alitazama mechi tisa na hakuona ushindi hata mmoja. Rangers walishinda mara mbili tu: siku alipokuwa Machochwe kwenye msiba wa shemeji yake, na siku malaria ilipomlaza kitandani. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye kibanda cha chai cha Esta, Benedicto, beki wa zamani na sasa kocha msaidizi, alisema mbele ya watu: "Mzee Nikodemo ana gundu. Akikanyaga tu uwanjani, tumekwisha."

Watu walicheka. Nikodemo alimrushia kikombe, chai na yote. Iliuma. Unaipenda timu namna ile, halafu unaambiwa wewe ndiye ugonjwa wake.

Kelele zililipuka tena, ndefu.

"Nani kafunga?"

"Wao," Neema alisema baada ya kutazama simu. "Moja bila."

Nikodemo aliruka. "Umeona? Gundu gani sasa, na mimi nimo humu? Fungua!"

"Hapana, tata."

Alimtukana. Alisema amebanwa na mkojo. Akaambiwa kuna ndoo nyuma ya magunia. Alisema kifua kinambana, anakufa; akaambiwa anayekufa hapigi kelele hivyo. Mwishowe alilia kweli, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, paji la uso kwenye mbao, akiomba dakika tano tu, asimame mbali, nyuma ya vyoo vya shule. Upande wa pili wa mlango Neema naye alikuwa analia. Hakufungua.

Wakati wa mapumziko Benedicto alifika mbio, akihema.

"Bado yumo?"

"Yumo."

"Benedicto, mura, kijana wangu, nifungulie!"

Benedicto alivua kofia, akasimama kidogo mbele ya mlango, kisha akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili Nikodemo hakugonga tena. Alisikia vigelegele. Neema akasema, "Moja moja." Muda ukapita, mrefu mno, kisha uwanja mzima ukapiga ukelele uliowatimua kuku wa Neema uani. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu walikuwa tayari wanaimba. Mbili moja. Rangers wamebaki.

Nikodemo alifunika uso kwa viganja. Msimu mzima aliuombea ushindi huu, na sasa ulikuwa umekuja bila yeye. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimuuma.

Kufuli lilifunguka. Neema alirudi nyuma hatua mbili, akisubiri kofi.

"Nisamehe, tata."

Nikodemo alitoka, vumbi la mahindi kichwani, akamshika bintiye mabega.

"Nikusamehe nini? Asubuhi nilipokuomba unifungie, si nilikuambia hata nikilia usifungue?" Alimfuta machozi kwa kidole gumba. "Ila msimu ujao ukae mbali kidogo, mwanangu, usinisikie."