Mjane wa Bondeni

Alama za kandambili zilikuwa mbichi, na ya kushoto ilikuwa na kiraka kisiginoni. Masikio alikijua kiraka hicho. Alikishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni, amekaa mlangoni kwake, huku mkewe akimwambia avute vizuri.

Akazifuta kwa buti kabla wageni, waliokuwa nyuma, hawajamfikia.

Wageni walikuwa wawili: mwalimu mstaafu mwenye fimbo, na binti yake aliyembebea darubini na daftari. Siku mbili Masikio aliwaongoza juu mlimani, kwenye msitu wa ukungu na baridi ya kugonganisha meno. Sasa walikuwa wameshuka bondeni, kwenye joto na kichaka kisichopitisha jua. Daftari la mwalimu lilikuwa na ndege mia sita na ushei. Aliyemtoa nyumbani na magoti yale mabovu ni mmoja tu.

Watu wa bondeni humwita Mjane, kwa kuwa hulia peke yake. Hakuna aliyewahi kuwasikia wawili. Kumwona ni bahati ya mtende. Kwa watu wa ndege, kumsikia kunatosha, mradi mwongozaji atie sahihi daftarini kwamba ndiye. Na Masikio, ambaye hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio, hajawahi kutia sahihi ya uongo. Hilo ndilo lililomweka kazini miaka kumi na minne.

"Leo tutampata?" mwalimu aliuliza.

"Tukimwita kwa adabu, mama, ataitika."

Alijibu kwa mdomo tu. Mawazo yalikuwa kwa dada yake, fundi cherehani, aliyemwita dukani siku ile ya kupanda mlima.

"Kaka, mimi si mchonganishi," dada alisema, na mtu akianza hivyo unajua kinachofuata. "Ila wifi, kila ukiwa na wageni, anaingia msituni. Gauni hili ni la tatu kuniletea, limechanwa na miiba. Mke wa mtu anatafuta nini kichakani?"

Tangu hapo kila kitu kilijipanga chenyewe. Mkewe kumuuliza kila safari, "Mnashuka siku gani? Saa ngapi?" na yeye, mjinga, akidhani anapendwa. Kile kikopo cha mafuta ya midomo kilichofichwa chini ya mto, cha mwanamke ambaye hata poda hapaki. Miaka tisa ya ndoa. Ndiye huyohuyo aliyekuwa akimcheka anapojifunza mluzi bafuni: "Wewe, unalia kama birika." Sasa alikuwa akicheka na nani?

Iliuma. Kama angekuwa amepigwa, angalau angejua pa kushika.

Walifika kwenye benchi la magogo. Mbele yao kichaka kilianza, na ubao umeandikwa: MARUFUKU KUINGIA. Masikio ndiye aliyeomba uwekwe miaka mitatu nyuma, Mjane alipoanza kujibu tena baada ya kunyamaza msimu mzima. Msimu ule kampuni ya utalii iliyomwajiri ilikuwa imeshamwambia akajitafutie kazi nyingine. Ndege akarudi, na kazi ikarudi. Tangu hapo hakosi, isipokuwa mara moja mwezi uliopita, siku ambayo Masikio mwenyewe hakuwa na utulivu, maana mkewe alikuwa amelala na shavu lililovimba kwa jino.

Alama za kandambili zilipita chini ya ubao uleule.

Akakunja midomo, akapiga mluzi: sauti tatu za juu, moja ya kushuka.

Kimya. Kisha Mjane akajibu kutoka ndani ya kichaka, tatu na moja, taratibu. Mwalimu akamshika binti yake mkono. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Kaeni hapa," Masikio alinong'ona. "Nakwenda kimya kimya kuangalia kama ana kiota. Mluzi sipigi tena."

Akainama, akapita chini ya ubao wake mwenyewe. Nitawakuta wote wawili, alijiambia, na leo leo atarudi kwao. Maneno ya kumwambia alikuwa nayo tayari, aliyapanga njia nzima kutoka mlimani. Alama za mwanamume hakuziona, lakini wezi hawapiti mlango mmoja.

Miiba ikamchana mikono. Mjane akalia tena, karibu mno, hatua kumi labda, na pamoja na hasira zake zote Masikio akasimama. Miaka yote hiyo hajawahi kumsikia kwa karibu namna ile. Akazidi kumkasirikia mkewe, kwa kumharibia hata hilo.

Akasogea. Akaiona kandambili, kisha mguu, kisha gauni la bluu. Akafunua majani.

Hapakuwa na mwanamume. Mkewe alikuwa amekaa peke yake kwenye mzizi, kikopo cha mafuta kiko wazi mapajani, macho ameyafumba, midomo ameikunja, na Mjane alikuwa akitoka humo: tatu za juu, moja ya kushuka.

Akafumbua macho, akamwona. Mluzi ukakatika.

Masikio alisimama na majani mkononi. Maneno yote ya mlimani yalimpotea. Alizikumbuka sahihi zake za miaka mitatu, moja baada ya nyingine, na nyuso za wale waliomshukuru.

"Mbona amenyamaza?" Sauti ya mwalimu ilitokea kule kwenye benchi, inatetemeka. "Mwanangu, ameondoka?"

Mkewe alijaribu kukunja midomo. Ilikuwa ikimcheza, haikutoa kitu.

Masikio akapiga mluzi, tatu na moja. Mkewe akashusha pumzi, akaitika.

"Jamani," mwalimu alisema kule nje, akilia. "Wako wawili. Andika, mwanangu. Andika wawili."