Glavu ya Athmani

Glavu ya kulia ilifumuka Athmani akiwa katikati ya zoezi. Mkono wa kulia ukachomoka na kumwangukia mapajani, na wa kushoto, uliokuwa bado umenasa kwenye pedali, ukazunguka peke yake kidogo kisha ukasimama.

"Imefumuka tena," akasema.

"Mwite Swabaha," mamake akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

Athmani akavuta pumzi, akaita kupitia dirishani. Sauti alikuwa nayo. Alikuwa mwana wa Mvita, amezaliwa na kulelewa karibu na maji, lakini siku aliyotaka kuwaonyesha wenzake namna ya kupiga mbizi alisahau kuangalia kama maji yamejaa au yametoka. Yalikuwa yametoka. Tangu hapo miguu haisogei, mikono inapinda kwenye viwiko na vifundo, vidole havifungi. Hata mtalii, alipenda kusema, angeuliza kwanza.

Mung'aro, fundi wa baiskeli wa Bondeni, ndiye aliyemfungia pedali kuukuu juu ya meza ili azizungushe kwa mikono. Kazi ilikuwa safi, ila kila siku ilitaka mtu wa kumfunga vidole kwenye pedali na mtu wa kumfungua. Athmani akachoka kufungwa na kufunguliwa kama mbuzi. Akabuni glavu za turubai zenye kulabu kiganjani za kunasa pedali, na mkanda wenye pete kubwa ya kuvutwa kwa meno. Avae mwenyewe, azungushe mwenyewe, avue mwenyewe. Swabaha, mjane wa ng'ambo ya kichochoro aliyeishi kwa kushona makanzu, akazishona.

Kulikuwa na jambo ambalo Athmani hakumwambia mtu. Alikuwa ameapa hatamposa Swabaha mpaka glavu zidumu wiki nzima bila yeye kumwita yeyote. Mwanamume asiyeweza kujivika glavu, alijiambia, ataposa kwa uso gani?

Na glavu hazikudumu. Alibadilisha mkanda, akaongeza ukubwa wa pete, akahamisha kulabu. Jioni mamake, Bi Nabiha, huzitia kabatini zisigugunwe na panya, na asubuhi humwekea mezani. Hazipiti siku nyingi kabla mshono haujaachia, palepale kwenye pete. Makanzu ya Swabaha yalichakaa kitambaa, mshono ukabaki. Kwa hivyo kosa lilikuwa la mbunifu, na mbunifu alikuwa yeye, mtu aliyeshindwa hata na bahari aliyoizoea.

Swabaha akaingia na buibui lake, kikopo cha sindano mkononi. Akamwambia Bi Nabiha masalkheri, akaketi ng'ambo yake, mama katikati kama ilivyopasa. Akaigeuza glavu, akautazama ule uzi kwa muda.

"Ni mimi," Athmani akasema. "Pete nimeiweka mahali pabaya."

"Ni uzi," Swabaha akasema. "Uzi wa siku hizi si uzi."

Akashona polepole, polepole zaidi kuliko anavyoshona kanzu. Athmani akamsimulia vile pedali ilivyoendelea kuzunguka bila yeye, na Swabaha akacheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Pasipo mama pale, au pasipo kitu cha kushonwa, mjane asingekanyaga nyumba ya kapera. Madirisha ya kichochoro kile yamekaribiana, na kila moja lina mtu nyuma yake.

Mwezi ule Bi Nabiha akaenda Lamu kumtazama dadake mgonjwa. Fuad, kakake Athmani, akaja kukaa nyumbani badala yake. Na wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, glavu zikadumu. Athmani alivuta pete kwa meno, kulabu zikanasa, akazungusha mpaka jasho likamtoka, kisha akakwamisha pete kwenye ukingo wa meza na kujivua. Siku ya mwisho ya wiki alilia kwa furaha kabla hajajivua, halafu akacheka, kwa sababu hakuwa na mkono usio na glavu wa kujifutia machozi.

Nadhiri ilikuwa imetimia. Sasa ilibaki kusema tu, na hapo ndipo Athmani alipogundua kwamba muda wote alikuwa amejificha nyuma ya ile nadhiri. Alisikia cherehani ya Swabaha ikilia ng'ambo, naye hakuwa na la kumwitia. Alikuwa amejitengenezea, kwa akili yake mwenyewe, kifaa cha kumzuia mwanamke ampendaye asije. Ulimi, aliona, ndio uliopooza mwisho. Hamu ya kumwona Swabaha ilimzidi.

Mama akarudi jioni. Akasalimu, akagawa tende, akakusanya vitu na kuvitia kabatini kama kawaida yake.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Athmani alikuwa ameshaamua. Angefumua mshono kidogo tu kwa meno, amwite Swabaha, na leo angesema, liwalo na liwe. Alisubiri mpaka kichwa cha mamake kilipoinama juu ya kofia. Akaikumbatia glavu ya kulia kwa vifundo viwili, akaileta mdomoni, mtu mzima anaiba nyumbani kwao. Akauma pete, akatafuta uzi kwa ncha ya ulimi.

Hapakuwa na uzi. Pete ikamtoka kinywani, ikaanguka sakafuni na kubingirika mpaka miguuni pa mama.

Bi Nabiha akaweka mkasi wake kando ya kofia.

"Nishafumua mimi," akasema. "Wewe mwite."