Kambi Isiyo na Samaki

Kambare walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kugeuka rangi kikaangoni simu ya Ervin ilipolia. Alisikiliza, akauliza swali moja tu, "Upande gani wa mto?" kisha akazima jiko.

"Tena?" akauliza mkewe, Lorene.

"Tena. Funga makabati, mama."

Hawakubishana. Samaki nusu mbichi wakatupiwa paka wa kambi, waya wa umeme ukachomolewa, viti vikakunjwa, na gari-nyumba lao kuukuu likaondoka likiyumba kama bata aliyeshiba. Ulikuwa mwaka wa pili wa maisha hayo. Majirani zao wa zamani, waliowaokea keki ya kuwaaga walipostaafu, waliamini wawili hao wanaizunguka Texas wakivua na kula raha. Lorene hakuwapinga. Mara mojamoja aliwatumia picha ya jua likizama.

Kambi mpya waliifikia kesho yake mchana. Mto wake ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mbu tele, ukingo hauna hata mti mmoja. Nafasi nzuri zilikuwa wazi upande wa bwawa, chini ya mialoni. Ervin akaegesha palepale juani, kioo kikubwa cha mbele kikiutazama mto.

Jirani yao pekee, mstaafu mmoja mwenye kitambi aitwaye Royce, aliwafikia hata kabla hawajashusha ngazi.

"Mzee, umepotea njia? Hapo huvui kitu ila homa. Njooni bwawani, nina boti."

"Asante, bwana. Hapa panatufaa."

"Panawafaa kwa lipi? Kwa mbu?" Royce akacheka peke yake.

Asubuhi Lorene alivaa gauni lake jekundu la kanisani, akapaka rangi ya mdomo, akatoka nje. Akarudi ndani. Akatoka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ervin alikuwa ameketi ukingoni na ufito wake wa kuvulia, lakini macho yake hayakuwa kwenye mshipi. Siku hiyo ilipita bure. Iliyofuata ikanyesha mvua kutwa nzima, na baada ya mvua upepo, na ng'ambo hakukuwa na lolote ila mistari ya pamba iliyolala kwa maji.

Royce, ambaye hakuweza kuona mtu akishindwa kuvua bila kuja kumfundisha, alichuchumaa karibu na Ervin akauvuta mshipi wake.

"Ah! Ndoano haina chambo! Unamvua nani, mzee wangu, malaika?"

Ervin akawa mwekundu hadi masikioni. "Nilisahau."

"Tangu juzi?" Royce alimtazama, akamtazama na Lorene na gauni lake, kisha akashusha sauti. "Jamani, mimi si mbea. Lakini simu ikilia mnaruka kama mmeona nyoka, na vitu vyenu hamvishushi garini. Mnamkimbia nani?"

"Hatumkimbii mtu," Lorene akajibu, upesi mno.

Royce akainuka, akajipangusa magoti. Jioni ile hakupita kuwasalimu.

Walikula kolache, vimikate vitamu vya plamu walivyonunua njiani, vikavu kama sifongo. Lorene aliiacha yake nusu.

"Nimechoka, Ervin. Nataka jiko lisilotembea. Nataka nikae mahali bila kusikia simu masikioni hata kama haijalia. Kesho kusipokuwa na kitu, turudi nyumbani."

"Ulisema hivyo na kule tulikotoka."

"Kule nilikuwa natishia tu. Leo nasema kweli."

"Na kama ni keshokutwa?"

"Basi itakuwa keshokutwa bila sisi."

Ervin alitoka nje akazikaza kamba za turubai, ambazo hazikuwa zimelegea.

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, mzito kama pamba ya godoro. Ervin hakugusa ufito. Alisimama akijikuna shingo, akitazama weupe ule mtupu, akimung'unya maneno ambayo huenda yalikuwa sala, huenda matusi. Nyuma yake alisikia chuma kikilia. Lorene, kwa magoti yale ya kupandia ngazi za kanisa kwa kushikiliwa, alikuwa anapanda ngazi ya nyuma ya gari kuelekea paani.

"Mama, utavunjika!"

"Ishike ngazi, acha kelele."

Aliishika kwa mikono miwili. Kutoka upande wa bwawa Royce akapaza sauti, "Mama Lorene! Samaki hawapandi huko juu!" kisha akabaki na kikombe chake cha kahawa mkononi, kicheko kikimkauka. Lorene alisimama wima juu ya paa, upepo ukimpeperusha gauni, mkono mmoja juu ya macho.

"Vipi?" Ervin akauliza kutoka chini. "Unaona?"

"Subiri."

"Lorene."

"Nimesema subiri!"

Ukungu ukapasuka. Ng'ambo, nyuma ya uzio wa seng'enge, lango likafunguliwa na wafungwa wakatoka kwa mstari, nguo nyeupe, majembe mabegani, askari aliyepanda farasi akiwafuata. Mmoja wao, kijana aliyekataa katakata kutembelewa na wazazi wake, alitazama juu ya gari, akasimama, na kwa mara ya kwanza katika magereza yote waliyomfuata kila simu ilipowaambia kahamishwa, akainua mkono na kumpungia mama yake.